Chokaa Juu ya Picha

Mwalimu hakuweza kupita karibu na ukuta mweupe bila kuugonga. Aliugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, mara mbili, sikio limesogezwa karibu, utadhani anabisha hodi kwa jirani mgonjwa. Nimemwona akigonga ukuta wa zahanati kambini, na ukuta wa kituo cha basi Columbus. Na siku moja aliugonga ukuta wa bafu langu hapa Louisville, Amerika, alikoingia kunawa mikono akakaa humo mpaka mume wangu akaniuliza kama mgeni amezimia. Nikaenda kumwita. "Natafuta watakatifu," akanijibu kutoka ndani, na alipotoka hakuwa anacheka.

Niseme mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani: nilimkasirikia mtu huyu hadi nikafuta namba yake kwenye simu. Kwa ushauri wake niliandika jina la mama yangu mahali ambapo mama yangu asingeliandika hata kwa kushikiwa panga. Mama na mdogo wake wa tumbo moja wakaacha kusemezana, na kosa lilikuwa langu na la Mwalimu, sawa kwa sawa. Mengine yote nitakayosema juu yake, yasomeni mkijua hilo.

Jina analo, tena refu, lile la kwenye karatasi za uhamiaji, lakini sijui mtu niliyekua naye anayelitumia. Kambini Kigoma walimu walikuwa wengi. Ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, ulikuwa unamsema huyu mrefu wa koti la kijivu, koti hilo hilo hata jua likipasua mawe, mwalimu wa historia ya Uingereza.

Ndiyo, Uingereza. Msinicheke. Sisi watoto wa Kivu, tuliovuka ziwa na masufuria kichwani, tulijua mambo ya Waingereza wa kale kuliko Waingereza wenyewe, na sababu yake ilikuwa kitabu kimoja. Shule iliahidiwa vitabu vya historia, likaja sanduku la msaada. Tukafungua: mapishi, namna ya kutunza mbwa, namna ya kutengeneza pikipiki, na kitabu kimoja kinene kuhusu dini na serikali ya Uingereza, enzi zile wafalme wao walipogombana na Roma. Mwalimu akakipindua, akakinusa. "Bon, haya," akasema, "wametuletea ugomvi wa watu wengine. Tutajifunza huo huo." Kiingereza hakuwa nacho. Alikaa na kamusi msimu mzima wa mvua, na shule ilipofunguliwa akawa nacho, ila kilikuwa Kiingereza cha humo kitabuni.

Alifundisha kwa mwili wake wote. Alijaza mashavu hewa akawa mfalme mnene aliyetaka kuacha mke; Papa akamkatalia; mfalme akasema basi, kuanzia leo Papa wa hapa ni mimi, kila mtu aape, na asiyeapa kichwa chini. Akafa. Akaja mwanawe, mtoto kama ninyi, alisema Mwalimu, na wakubwa waliomzunguka wakaamuru picha zote za watakatifu makanisani zipakwe chokaa, na madhabahu ya mawe yavunjwe, pawekwe meza ya mbao. Naye akafa. Akaja dada yake mkubwa: rudisheni picha, rudisheni mawe, na anayekataa achomwe moto. Akafa. Akaja dada mdogo: toeni tena. Sisi tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Hapo ndipo Mwalimu aliposimama tuli na kutunyooshea kidole.

"Sasa wewe ni mzee wa kanisa kijijini. Askari wa mfalme yuko mlangoni. Umeshika ndoo ya chokaa. Unafanya nini?"

Wazazi wetu wengi walikuwa wameshasimama mbele ya askari mlangoni.

"Paka chokaa," alisema kwa sauti ya chini. "Usikwangue."

Alitueleza kwamba wale wazee wa kanisa wenye akili walipaka chokaa juu ya picha lakini hawakuikwangua. Amri imetimizwa, askari ameridhika, na mtakatifu yuko palepale nyuma ya weupe, anangoja. Vikombe vya fedha wakavificha kwenye dari ya mkulima. Neno hilo likatoka darasani likaenea kambini kote. Mkuu mpya wa kambi akija na amri zake, akina mama kisimani waliambiana: paka chokaa, usikwangue. Kuna watu waliolitumia hadi wakazeeka bila kujua linatoka Uingereza.

Lakini mtu huyo huyo aliyetufundisha kujificha alilia kila mwaka akifundisha habari za waliokataa kujificha. Alikuwepo askofu mmoja mzee katika kitabu, aliyeogopa moto akatia sahihi karatasi za kukana imani yake na wenzake. Hawakumwachia hata hivyo. Siku ya kuchomwa, akasema mkono wa kulia ndio uliotia sahihi, basi mkono huo utangulie, akaunyoosha ndani ya moto kabla mwili haujashika. Mwalimu aliunyoosha wake mbele yetu, vidole vimetanuka, machozi yanamdondoka bila aibu. Kisha akatoka nje kupenga kamasi. Kuna mwaka hakurudi kabisa, tukajifundisha wenyewe.

Na kila mwaka swali la mwisho la mtihani lilikuwa lile lile. Palikuwa na padri wa kijiji aliyebadilika na kila mfalme, mara nne, akafa kitandani pake akiwa mzee, kijiji chake kizima kikiwa hai. Swali: nani shujaa, aliyechomwa au aliyefia kitandani? Mimi niliandika aliyechomwa, kwa hasira nyingi, kurasa mbili. Nikapata saba juu ya kumi. Rafiki yangu aliandika aliyefia kitandani, mistari minne, akapata saba. Tulikwenda kumdai jibu la kweli. Akatuambia kengele imelia, na ilikuwa haijalia.

Yeye mwenyewe alitia sahihi kila kitu. Kanisa letu la kambini lilipogombana, kila upande ukapitisha orodha ya watu wake, na Mwalimu akaandika jina lake kwenye orodha zote mbili. Ilipogundulika, watu wakamwendea na fimbo. Akawaambia: "Mimi ni shahidi tu, shahidi huandikwa kotekote." Walicheka, wakaondoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba nikaona aibu kwa niaba yake, lakini kwa uvivu wa ujana nikaiita hekima.

Alipoletwa Amerika alipelekwa Columbus, jimbo la Ohio, akakaa na mwanawe upande wa Westerville, akapata kazi ya kufungasha viatu kwenye maboksi ghalani. Nilikwenda kumwona mara nyingi; kwa gari ni asubuhi moja tu kutoka kwetu. Msimamizi wake, kijana wa Kiohio mwenye michoro shingoni, alimwita Profesa. Mwalimu akitaka ruhusa ya kwenda chooni, alimsihi kwa unyenyekevu mkuu ampe idhini ya kujitenga kwa kitambo, kwa kile Kiingereza cha maaskofu, na mstari mzima wa wafungashaji ukasimama kusikiliza. Wajukuu wake walijificha chini ya meza kwa aibu. Akiwauliza kitu kwa Kiswahili, walimjibu kwa Kiingereza, naye aliwasahihisha kwa Kiingereza cha kuzimu, wakakimbia.

Jambo moja tulilodaiana miaka yote ni mwisho wa kitabu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeishia kufungia karanga huko kambini kabla Mwalimu hajazifikia. Kitabu chetu kiliishia mfalme mwingine, wa baadaye, anapigana na bunge lake juu ya sala na kodi, anakamatwa, basi. Tulikua tukijua mfalme yuko kizuizini. Nikiwa hapa Louisville, siku moja nimempeleka mwanangu maktaba huku mtaani kwetu Iroquois, nikaona kitabu cha habari zile, nikakisoma nimesimama. Nikampigia Mwalimu palepale.

"Walimkata kichwa, Mwalimu."

"Nilijua."

"Lakini mtoto wake alirudi. Baada ya miaka kumi na zaidi. Wakamrudishia kiti."

Nikasikia kitanda kikilia, ameinuka.

"Alirudi?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Na picha? Zile za ukutani?"

"Hawasemi."

"Zipo," akasema. "Chini ya chokaa zipo." Akapenga kamasi, nikacheka, nikampenda kama baba yangu.

Basi huyo ndiye mtu niliyempigia simu karatasi ilipoletwa.

Kanisa letu la Iroquois linakodi ukumbi wa Wamarekani. Wao wanasali asubuhi, sisi tunaingia saa nane. Mchungaji wetu si shetani, msimfanye shetani. Ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege na makoti ya baridi mikononi, ndiye aliyemwombea mama yangu figo zilipokufa. Lakini vita vya kwetu Kivu vilipozidi, Jumapili moja aliliombea jeshi fulani akiwa mimbarini, akalitaja kwa jina, akaomba Mungu alipe ushindi. Jeshi hilo ndilo lililomuua mume wa mama mdogo, mdogo wake mama, mbele ya mlango wake. Mama mdogo alikuwa amekaa safu ya tatu. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Watu kama thelathini wakamfuata, na tangu siku hiyo wanasali kwenye duka la zamani la mazulia, dakika tano kutoka kwetu.

Mama yangu hakuhama. Kwaya ya akina mama aliianzisha yeye, na alikuwa na ombi moja tu duniani: akifa, wamwimbie wale, wamevaa kile kitenge cha bluu. Wala hakumwacha mdogo wake. Kila Alhamisi mama mdogo alimpeleka kliniki kusafishwa damu, na sombe, kisamvu cha kwetu, kwenye bakuli, wakala wote wakirudi. Nilimuuliza Mama yuko upande gani. Akaniambia, "Mi niko upande ya sombe."

Ndipo mchungaji akatoa karatasi. Kila mtu mzima wa kanisa aandike jina lake chini ya maneno matatu: ninamtambua mchungaji huyu; wale waliotoka ni waasi; sitakula nao meza ya Bwana wala meza ya nyumbani. Asiyeandika si wetu, na asiye wetu hatumziki, wala kwaya haitamwimbia.

Mama alisomewa, akasema, "Mi siandikake bujinga," akarudi kwenye mboga zake. Mimi nikalala macho yakiwa wazi. Daktari alikuwa amenieleza habari za moyo wake, mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye mkalimani. Nilijua kwamba hana miaka mingi. Nikawaza siku ya kumzika, ukumbi umefungwa, hakuna kitenge cha bluu hata kimoja.

Nikampigia Mwalimu. Nilimweleza yote. Hakufikiri hata kidogo, na hilo ndilo ninalomdai zaidi ya yote.

"Bon. Mwandikie. Karatasi itakaa kabatini, Alhamisi wataendelea kula sombe yao. Paka chokaa, binti yangu. Ukuta ni wa Mama, chokaa ni ya mchungaji."

"Yeye amekataa, Mwalimu."

"Yeye hahitaji kujua."

Mkinihukumu, mjue kwanza jinsi tunavyoishi. Sisi watoto wa wakimbizi ndio kalamu ya wazazi wetu. Nimetia sahihi ya Mama hospitali, nyumba, shule, umeme, bima, kila kitu tangu nina miaka ishirini. Nikimwambia Mama kuna karatasi, alikuwa anapunga mkono tu: weka. Sahihi yake ninaijua kuliko yangu. Nilipoishika ile karatasi ya kanisa, mkono ulikwenda wenyewe, na nilipomaliza nilijisikia nimefanya kazi ya nyumbani, kama nimelipa umeme.

Karatasi haikukaa kabatini. Jumapili iliyofuata mchungaji akasimama nayo akaanza kuita majina. Ukiitwa unasimama, unabaki umesimama. Sikujua kama ingekuwa hivyo. Nilipotaka kumshika Mama mkono, jina lake lilikuwa limeshaitwa, naye akasimama. Alisimama kama anavyosimama kliniki muuguzi akimwita, kwa haraka na heshima, mkoba umebanwa kwapani. Mchungaji akasema, "Hawa ndio waliowakana waasi kwa mkono wao wenyewe," na watu wakapiga vigelegele. Mama akageuka taratibu akanitazama. Hakukaa. Alisimama mpaka jina la mwisho, miguu yake imevimba.

Hatujafika nyumbani, habari zilikuwa zimeshafika duka la mazulia. Alhamisi mama mdogo hakuja. Mama akampigia, hakupokea. Akampigia siku tatu.

"Mwambie si wewe uliyeandika," nilimwambia.

"Nikisema si mie, bataniuliza ni nani." Alikuwa anamenya ndizi, haniangalii. "Nitasema ni mutoto yangu alifanya bongo, alidanganya? Mbele ya batu?"

Kwa hiyo akalibeba kosa langu. Mimi ningeweza kulitua kwa sentensi moja, na sikulitua. Niliogopa mchungaji, niliogopa mume wangu anayefundisha kwaya, niliogopa siku ya maziko. Nilijiambia namlinda Mama. Uongo mtupu, nilijilinda mwenyewe. Tangu hapo Mama hakunipa tena karatasi yoyote. Kliniki aliomba kalamu, akaandika jina lake herufi kwa herufi, ulimi nje, muuguzi anangoja, watu nyuma yetu wanaguna. Nikinyoosha mkono kumsaidia, anauondoa wake mezani.

Nilimpigia Mwalimu nikiwa kwenye maegesho ya kliniki. Akasikiliza, kisha akasema, "Vumilia kidogo. Chokaa hukauka."

"Hii si chokaa!" Nilipiga kelele, mtu akatazama ndani ya gari langu. "Tumemkwangua, Mwalimu. Umesikia? Mimi na wewe tumemkwangua mama yangu."

Nikakata, nikafuta namba.

Ikapita miezi kumi na minane. Mama mdogo tulimwona mara moja sokoni, akageuza kigari chake. Mama alisimama kwenye rafu ya mchele akabaki ameshika mfuko mmoja hadi nikamwondoa.

Mwezi wa nne mwaka huu akanipigia binti yake Mwalimu, anayefanya kazi chuoni Amherst, karibu na Buffalo. Baba yake alipata kiharusi akiwa Columbus, sasa anakaa naye. "Anakutaja kila siku, dada. Hasemi vizuri, lakini jina lako anasema." Nilimwambia nina kazi, nikakata, nikakaa. Ijumaa nikajikuta barabarani. Nilipita Columbus nikiwa na hasira, nikafika Buffalo nikiwa na hasira na theluji imenyesha, Aprili tayari na bado theluji. Njia yote nilipanga maneno ya kumwambia, makali kweli.

Alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, koti la kijivu juu ya nguo za kulalia. Amekonda. Mdomo umevutwa upande. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya blanketi kama kitu ambacho mtu mwingine amekisahau pale. Aliniona namna ninavyoutazama.

"Mkono," akasema polepole, neno linamtoka kwa shida, "umetangulia."

Jamani. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Nilicheka kwa nguvu, kisha nikalia vibaya, kwa sauti, mpaka binti yake akaja mlangoni akaona, akarudi jikoni kimya kimya. Mwalimu naye alikuwa analia kwa jicho moja, lile lingine halimtii. Nilimfuta kamasi kwa upande wa kitambaa changu. Kwa kweli nilikuwa bado nimekasirika, hilo halikwenda popote.

"Kile... kitabu." Aliashiria Biblia mezani. Ndani yake palikuwa na karatasi ya daftari. Ilikuwa na mistari minne, herufi kubwa zilizopinda, nyingine zimekatika katikati, mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Binti yake aliniambia baadaye alikaa siku nne nayo, kwa mkono wa kushoto, akikataa kusaidiwa.

Iliandikwa hivi: Mama hakuapa. Hakujua. Mimi nilimwambia binti yake aandike. Jina lake litoke.

"Isomwe," akasema. "Kanisani."

"Watanifukuza, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa.

"Hawatamwimbia Mama."

Akaitikia tena, machozi yanashuka. Akafumba jicho. Kisha akasema kitu ambacho nilimwomba akirudie, kwa sababu sikukisikia vizuri. "Ule mtihani. Jibu... sikulijua."

"Tulijua hujui," nikamwambia. "Kila mtu alijua."

Nikaikunjua tena karatasi. Chini palikuwa peupe.

"Hujaweka sahihi."

"Nimeweka nyingi mno," akasema.

Sikuwa nimepanga kumpigia Mama. Nilipiga kwa sababu sikuweza kukaa na karatasi ile peke yangu. Uso wake ukaja kwenye simu, amevaa kilemba cha nyumbani, mwanangu nyuma yake anabishana na katuni. Nikaigeuzia simu kwa Mwalimu. Mwalimu alimweleza mwenyewe, neno moja moja, akipumzika, na Mama hakumsaidia hata neno. Alingoja yote.

Alipomaliza Mama akajipangusa mdomo.

"Mwalimu. Ule muzee yako ya moto. Bale benzake alibakana kwa karatasi, balimusamehe?"

Mwalimu aliangalia ukuta. Ulikuwa mweupe, wa nyumba mpya, na mkono wake wa kushoto haukuufikia.

"Kitabu," akasema, "hakisemi, Mama."

"Bon," akasema Mama. "Na mi bado sijasema."

Kisha akaniita, kwa jina langu la utoto, ambalo hakulitumia kwa mwaka mmoja na nusu.

"Utarudia lini?"

"Kesho, Mama."

"Jumapili utasoma ile karatasi. We mwenyewe, mbele ya batu bote. Si mume yako, si muchungaji. Lakini mbele ya Jumapili kufika, unipeleke kwa mudogo wangu. Uniache mulangoni. Nitagonga mi mwenyewe."

"Mama, na kwaya? Na kitenge, na siku ile..."

"Kwaya ni ya siku nikikufa," akasema. "Mudogo wangu ni ya leo." Akakata simu.

Mwalimu alikuwa bado anaitazama skrini iliyozimika. Binti yake akaleta chai, akaweka kikombe upande wa kushoto. Nikamnywesha kidogo kidogo, nyingine ikamwagika kwenye koti, nikaifuta. Kisha nikaomba kalamu. Niliiweka ile karatasi juu ya Biblia, na chini ya herufi zake zilizopinda, pale peupe, nikaandika jina langu. Niliandika polepole, kwa sababu ni sahihi ambayo sijaizoea.